Si kila kinyama cha jicho ni kinyama tu

UVIMBE unaoota kwenye weupe wa jicho huitwa jina moja tu mitaani: kinyama. Katika mtaa wa Munyaka, ulioko upande wa barabara iendayo Iten jijini Eldoret, sawa na katika mitaa mingine mingi nchini, safari ya mwenye kinyama hicho aghalabu huanzia na kuishia katika duka la dawa. Hununua matone ya kuondoa wekundu, akapata nafuu ya siku chache, kisha akarejea kazini.

Mara nyingi hapati hasara kubwa kwa kufanya hivyo. Vinyama vingi vya jicho husababishwa na jua, upepo na vumbi, hukua polepole kwa miaka mingi na haviui mtu.

Hata hivyo, miongoni mwa vinyama hivyo vimo vichache ambavyo ni saratani. Kwa macho matupu vinaweza kufanana na vile visivyo na madhara, na tofauti hujulikana baadaye, wakati ambapo jicho haliwezi tena kuokolewa.

Ndiyo maana suala hili halipaswi kuachiwa mabingwa wa macho peke yao. Saratani ya uso wa jicho ni mojawapo ya saratani chache zinazoota mahali ambapo kila mtu anapaona: mke, jirani, muuzaji wa dawa, hata mwenye jicho lenyewe akijitazama kwenye kioo. Ikiwa mgonjwa anafika hospitalini akiwa amechelewa, si kwa sababu uvimbe ulijificha. Ni kwa sababu waliouona waliupa jina lisilotisha.

Vitabu vya udaktari vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa adimu. Kwa nchi hizo ni kweli. Kwetu sisi tunaoishi chini ya ikweta ya jua, neno adimu lafaa kutumiwa kwa tahadhari.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996 katika jarida la kitabibu la Lancet ulilinganisha takwimu za saratani hii katika nchi mbalimbali. Ulibainisha kwamba Uganda ilikuwa na zaidi ya wagonjwa 12 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka, ilhali Uingereza ilikuwa na chini ya 0.2. Hii ni tofauti ya mara 60 au zaidi. Kila mtu anaposonga digrii 10 kutoka ikweta, visa hupungua kwa takriban nusu.

Sababu kuu ni miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, ambayo huharibu polepole chembechembe za utando unaofunika weupe wa jicho.

Eldoret iko takriban nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Zaidi ya hayo, jiji hilo limejengwa juu ya uwanda ulio kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda.

Baridi ya Uasin Gishu huwapumbaza wengi. Mtu aliyevaa sweta asubuhi hadhani kwamba jua linamdhuru, kwa kuwa halimchomi kama lile la Mombasa au Lodwar. Lakini joto na miale ya urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Mwanariadha anayefanya mazoezi katika barabara ya Iten, mama anayeuza mboga kando ya njia, fundi wa mjengo, mwendeshaji wa bodaboda na mkulima anayepalilia mahindi, wote hao hupokea miale hiyo machoni kwa saa nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Jua peke yake halielezi kila kitu. Sababu ya pili ni virusi vya HIV.

Jijini Kampala, rekodi za saratani zilionyesha wagonjwa sita hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka kati ya 1970 na 1988. Kufikia mwaka wa 1992 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 35. Jua la Kampala halikuwa limebadilika katika kipindi hicho. Kilichobadilika ni kwamba ukimwi ulikuwa umeingia, ukadhoofisha kinga ya mwili ambayo hapo awali iliweza kuzizuia chembechembe zilizoharibika.

Hali hiyo imethibitishwa hapa Kenya pia. Watafiti wakiongozwa na Dkt Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa chuo cha London kinachoshughulikia afya na magonjwa ya nchi za joto, waliwalinganisha wagonjwa 131 wa saratani hii na watu wengine 131 wasiokuwa nayo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2016.

Waliokuwa na HIV bila kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi walikuwa katika hatari kubwa mno, na hatari hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwa waliokuwa wakitumia dawa. Waliofanya kazi juani kwa saa nyingi na wenye mzio wa macho wa muda mrefu walikuwa hatarini pia. Waliokuwa na mazoea ya kuvaa kofia, kwa upande wao, walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Ni muhimu jambo hili lieleweke vyema ili lisigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapia wagonjwa. Si kila mwenye saratani ya jicho ana HIV, na si kila mwenye HIV atapata saratani ya jicho. Jirani akiona uvimbe katika jicho la mwenzake hana haki ya kumpima kwa maneno.

Lakini daktari anayekutana na uvimbe wa kutiliwa shaka ana wajibu wa kumshauri mgonjwa apimwe HIV, kwa kuwa wapo ambao jicho ndilo huwa ishara ya kwanza. Mtu wa aina hiyo akipata matibabu mapema, huokoa jicho na uhai pia.

Je, mtu wa kawaida atautambuaje uvimbe wa kutiliwa shaka?

Kwanza, atazame mahali ulipo. Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba unaong'aa. Utando huo hukutana na konea, yaani kile kioo kinachofunika sehemu nyeusi ya jicho, katika mstari wa mviringo. Ni kwenye mstari huo, hasa pembeni pasipofunikwa na kope, ambako saratani hii huanzia mara nyingi.

Taabu ni kwamba kinyama cha kawaida, ambacho madaktari hukiita pterijiamu, nacho huota papo hapo. Tofauti ni kwamba pterijiamu huwa na umbo la bawa au pembetatu, ncha yake ikielekea kwenye sehemu nyeusi. Uso wake huwa laini, na inaweza kukaa miaka bila kubadilika sana.

Pili, atazame sura yake. Uvimbe wa kutiliwa shaka huwa na mabaka meupe juu yake, mfano wa utando wa maziwa yaliyopoa, au huwa kama ute ulioganda, au huwa na mikwaruzo kama uso wa koliflawa. Mishipa minene ya damu huonekana ikielekea kwenye uvimbe huo. Miongoni mwa Waafrika, mara nyingi huwa na madoa ya rangi ya hudhurungi au nyeusi.

Tatu, aangalie mwendo wake. Uvimbe unaokua kwa wiki au miezi michache si wa kusubiriwa. Kadhalika, uvimbe uliowahi kukatwa kisha ukarudi, au wekundu wa jicho moja usioisha licha ya matone, ni mambo yanayohitaji kuchunguzwa na mtaalamu.

Nne, asiyapime maradhi kwa maumivu. Saratani hii inapoanza huenda isiume kabisa. Huleta mwasho, machozi au hisia ya mchanga jichoni, dalili ambazo kila mwenye mzio anazijua. Kwa hivyo kusema kwamba uvimbe si mbaya kwa sababu hauumi ni kujidanganya.

Uso wa jicho unaweza kuota uvimbe wa aina nyingine pia. Upo ule mwekundu wa damu wa saratani ya Kaposi, ambao nao huandamana na HIV. Zipo saratani zitokanazo na chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, na nyingine zitokanazo na chembechembe za kinga ya mwili. Hizo ni nadra zaidi.

Kwa watoto wachanga na wadogo, ishara ya kuogopwa ni tofauti kabisa: mwanga mweupe unaong'aa ndani ya mboni, au jicho linaloanza kwenda upande. Hiyo inaweza kuwa saratani ya ndani ya jicho, nayo humtaka mzazi aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Dalili hizi husaidia kumpeleka mtu hospitalini, lakini haziwezi kutoa hukumu ya mwisho. Hata jicho la daktari bingwa haliwezi.

Kikosi hicho hicho cha watafiti nchini kiliwachunguza watu 419 waliokuwa na uvimbe ulioshukiwa kuwa saratani. Baada ya vipande kuchunguzwa maabarani, ni takriban thuluthi moja tu waliopatikana na ugonjwa huo, ama saratani yenyewe au hatua zake za awali. Wengine wote walikuwa na pterijiamu au uvimbe mwingine usio wa saratani.

Katika utafiti huo walitumia tone la rangi ya buluu iitwayo toluidini, ambayo huingia katika chembechembe zisizo za kawaida na kuzifanya zionekane. Rangi hiyo iliwanasa wagonjwa 92 kati ya kila 100 wenye ugonjwa. Tatizo ni kwamba kati ya kila watu 100 wasiokuwa na ugonjwa, iliwapaka 69 pia.

Funzo linalotokana na takwimu hizo ni mara mbili. La kwanza ni kwamba mwenye uvimbe hana sababu ya kukata tamaa kabla ya kupimwa, kwa kuwa uwezekano mkubwa ni kwamba si saratani. La pili, na hili ndilo zito, ni kwamba hakuna njia ya kuwa na hakika bila ya kipande kilichokatwa kupelekwa maabarani kutazamwa kwa hadubini.

Hapa ndipo mfumo wetu wa afya unapoonyesha ufa. Uvimbe ukikatwa kisha kipande kikatupwa, mgonjwa huondoka akiwa na jicho safi na imani kwamba amepona. Iwapo ilikuwa saratani na mizizi ikabaki, hurudi baada ya miezi kadhaa. Mara hii huwa imeingia ndani zaidi, na hakuna rekodi ya kumwambia daktari mpya kilichokuwapo mwanzo.

Gharama ya uchunguzi wa maabara aghalabu hutolewa kuwa sababu. Mgonjwa aliyejikakamua kulipia upasuaji huombwa fedha nyingine kwa ajili ya kitu asichokiona umuhimu wake, naye husema atarudi. Wengi hawarudi.

Tulinganishe gharama hiyo na ile ya kuchelewa. Saratani hii ikigunduliwa ingali ndogo, hukatwa kwa upasuaji mfupi wa jicho lililotiwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikipenya hadi ndani ya jicho, jicho lote hutolewa. Ikivuka hapo na kuingia katika tundu la jicho, daktari hulazimika kuondoa jicho, kope na nyama zote zilizomo, na mgonjwa hubaki na shimo usoni. Ikisambaa zaidi, huua.

Aliyetolewa jicho huweza kupoteza kazi iliyokuwa ikilisha nyumba yake. Kwa dereva wa bodaboda au fundi wa kuchomelea vyuma, hakuna haja ya kueleza zaidi.

Habari njema ni kwamba tiba ya kuzuia saratani hii isirudi imethibitishwa hapa hapa Kenya. Katika jaribio lililofanyika kwenye vituo vinne nchini na kuchapishwa mwaka wa 2016, wagonjwa 98 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji kati ya Agosti 2012 na Julai 2014 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitiwa matone ya dawa iitwayo fluorourasili mara nne kwa siku kwa wiki nne. Jingine lilitiwa matone yasiyokuwa na dawa.

Mwaka mmoja baadaye, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa watu watano kati ya 47 waliotumia dawa, sawa na asilimia 11. Miongoni mwa wale wasiotumia, ulikuwa umerudi kwa watu 17 kati ya 47, sawa na asilimia 36.

Fluorourasili si dawa mpya wala ya ajabu. Imetumika kwa miongo mingi kutibu saratani nyingine kwa njia ya sindano. Kinachohitajika ni mfamasia wa hospitali anayeweza kuizimua kwa kipimo sahihi na kwa usafi unaofaa macho. Lakini ili mgonjwa aipate, lazima kwanza ijulikane kwamba ana saratani. Tunarudi tena kwenye kile kipande na maabara.

Eldoret haiko nyuma kwa rasilmali. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH) ndiyo kimbilio la rufaa la eneo zima la Magharibi na Kaskazini mwa Bonde la Ufa. Ina chuo kikuu cha tiba kando yake na kituo maalumu cha saratani. Mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka wa 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali hiyo na vyuo vya Marekani, umewatibu watu wengi wenye HIV katika eneo hili.

Kwa hivyo, umbali kutoka Munyaka hadi kwa mtaalamu si wa kilomita nyingi. Umbali halisi uko kati ya duka la dawa na chumba cha daktari.

Muuzaji wa dawa ndiye mhudumu wa kwanza kuliona jicho la mgonjwa, naye hana mwongozo wowote mbele yake unaomwambia ni jicho lipi asiliuzie matone. Mbaya zaidi ni matone yenye steroidi, ambayo huondoa wekundu upesi na kumfanya mgonjwa adhani anapona. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, huweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta upofu wa aina nyingine.

Zipo njia za kuziba pengo hili zisizohitaji mabilioni. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, ambao huzuru nyumba kwa nyumba. Kuwafundisha kutambua dalili nne zilizotajwa hapo juu ni kazi ya muda mfupi. Wauzaji wa dawa wanaweza kupewa bango lenye picha ukutani. Kliniki za HIV zinaweza kuongeza swali moja na mtazamo mmoja: daktari au muuguzi atazame macho ya kila mteja anapokuja kuchukua dawa.

Wapo watakaosema kwamba watu wasio mabingwa hawawezi kuaminiwa na kazi hiyo. Jirani zetu wa Kaunti ya Trans Nzoia wana jibu. Katika utafiti uliohusisha shule 50 na watoto wapatao 20,000, ulioongozwa na Dkt Hillary Rono na kuchapishwa mwaka wa 2018, walimu walitumia simu za mkononi kupima macho ya wanafunzi. Mfumo huo uliwakumbusha wazazi kwa ujumbe mfupi, na asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitalini. Kwa njia ya kawaida, ni asilimia 22 tu waliofika.

Utafiti huo ulihusu uoni hafifu wala si saratani. Hata hivyo, unadhihirisha kwamba kumtambua mgonjwa ni nusu ya kazi, na kumfuatilia hadi afike ni nusu ya pili.

Wengine watasema kaunti ina mizigo mikubwa zaidi: kina mama wanaojifungua, malaria, kisukari na shinikizo la damu. Hoja hiyo ina uzito. Wagonjwa wa saratani ya uso wa jicho ni wachache wakilinganishwa na hao. Lakini hatupendekezi hospitali mpya wala mashine mpya. Tunapendekeza kwamba macho yaliyopo yatazame, na maabara iliyopo itumike.

Isitoshe, wakati huu si wa kulegea. Mapema mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, huduma za HIV nchini zilitikisika. Kukatika kwa dawa hizo hakuleti tu hofu ya kifua kikuu na vifo. Huwarejesha watu katika lile kundi ambalo utafiti wa Kenya ulionyesha kuwa hatarini zaidi kupata saratani ya jicho.

Halmashauri ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ina nafasi ya kurekebisha kosa moja kwa haraka. Malipo ya upasuaji wa uvimbe wa jicho yanafaa kujumuisha malipo ya maabara, yasitenganishwe. Kipande kidogo kikitiwa katika dawa ya kuhifadhi kinaweza kusafirishwa kutoka hospitali ndogo hadi Eldoret bila kuharibika, kwa hivyo uhaba wa maabara katika kaunti ndogo si kisingizio.

Kwa upande wake, mkazi wa Munyaka anayefanya kazi juani anaweza kuanza na kofia yenye ukingo mpana, na miwani ya kuzuia miale ikiwa ana uwezo. Mwenye HIV asiache dawa zake. Mwenye kinyama kinachokua asikitie mitishamba wala maziwa.

Na atakayefanyiwa upasuaji aulize maswali matatu kabla ya kutoka hospitalini: Je, kipande kimepelekwa maabarani? Majibu yatatoka lini, nami nitayapata kwa maandishi? Nirudi lini kuchunguzwa tena, hata kama jicho linaonekana limepona? Ni haki yake kujibiwa yote matatu.